Mtu Kasema Kaona Paka Adimu: Namna ya Kuipima Taarifa Yake

Maswali ni yale yale kila juma. "Nimetumiwa picha hii, ni chui kweli?" "Kaka yangu kaona mnyama mkubwa mweusi akikatiza barabara usiku, anaweza kuwa nani?" "Watu 20 wamemwona, mnataka nini zaidi?" Nimekuwa nikimjibu mmoja mmoja mpaka nimejikuta nanakili majibu yangu mwenyewe, kwa hiyo nimeamua kuyaweka yote mahali pamoja. Ukiletewa taarifa ya paka adimu na hujui pa kuanzia, anza hapa.

Nikisema "paka" simaanishi yule wa nyumbani peke yake. Namaanisha ukoo mzima: simba, chui, duma, mondo, simbamangu, linksi, puma, jagwa, simbamarara na wadogo zao. Na "adimu" ni paka yeyote ambaye kuonekana kwake mahali hapo ni habari, ama kwa kuwa wamebaki wachache, ama kwa kuwa inaaminika walitoweka, ama hawajawahi kujulikana kuishi hapo.

Kabla ya yote, shika hili: hupimi kama mtu ni mkweli. Unapima kama alichokileta kinaweza kukaguliwa na mtu mwingine ambaye hakuwepo. Wanaoanza karibu wote huyachanganya mambo hayo mawili. Mashahidi wengi niliowahoji walikuwa wakweli kabisa, na wengi wao walikuwa wamekosea. Wazushi wapo, lakini atakayekupoteza mara nyingi zaidi ni mtu mwema aliyeona kitu kwa sekunde tatu.

Vitu vya kuwa navyo

- Daftari na penseli. Wino ukilowa unaondoka na ushahidi wako.
- Futi ya kupimia na rula fupi ya kuweka kando ya nyayo.
- Mti mwembamba wa mita moja na nusu, umechorwa alama kila sentimita 10.
- Kadibodi kubwa na mkasi.
- Bahasha za karatasi, glavu na kibanio kidogo.
- Simu au kifaa cha GPS.
- Picha 10 hadi 12 za wanyama, zisizo na majina. Nitaeleza matumizi yake kwenye hatua ya 2.
- Orodha ya wanyama wote wa miguu minne wanaoweza kupita eneo hilo, wakiwemo mbwa, paka, mbuzi na ndama. Hii ndiyo watu huisahau, na ndiyo inayofanya kazi kubwa kuliko vyote.

Hatua ya 1: Tafuta aliyeona kwa macho yake

Taarifa nyingi zitakufikia zikiwa zimepita midomo mitatu au minne. Kusikia si kuona, kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kurudi nyuma kinywa kwa kinywa mpaka umfikie mtu anayesema "mimi ndiye niliyemwona, siku fulani, mahali fulani." Mnyororo ukikatika katikati, andika kwamba umekatika, weka taarifa kando, endelea na nyingine. Ile methali ya lisemwalo lipo ina mahali pake, lakini si kwenye kazi hii.

Chui wa Unguja anatufundisha hapa. Watafiti waliokusanya habari zake kisiwani walikuta masimulizi mengi ya chui wanaofugwa na wachawi na kutumwa kwa majirani. Ukizihesabu habari hizo zote kama chui walioonekana, utapata chui tele. Ukimuuliza kila msimuliaji nani hasa alimwona na lini, hesabu inapungua haraka sana. Masimulizi yenyewe yana thamani kubwa kwa anayesoma utamaduni, ila usiyatie kwenye safu ya mionekano.

Hatua ya 2: Mhoji shahidi bila kumlisha maneno

Hapa tulia, maana ukiharibu huwezi kurekebisha. Kumbukumbu ya mtu si mkanda wa video. Kila akisimulia inajengwa upya, na maneno yako yanaingia ndani yake. Ukimuuliza "mkia wake ulikuwa mrefu, sivyo?", kuanzia hapo mkia ni mrefu, na kesho ataapa aliuona.

Fuata mpangilio huu:

1. Muombe asimulie mwanzo hadi mwisho bila kumkatiza. "Niambie ulikuwa unafanya nini, halafu ikawaje." Andika maneno yake jinsi alivyoyatamka. Akisema "mnyama", andika mnyama. Usiandike chui kwa sababu wewe unajua anakoelekea.
2. Uliza mazingira kabla ya mnyama. Saa ngapi, jua lilikuwa upande gani, alikuwa umbali gani, alikuwa amesimama au ndani ya gari linalokwenda, aliona kwa muda gani. Kuhusu muda, mwambie afumbe macho na ahesabu kwa sauti tangu mnyama alipotokea mpaka alipopotea. Waliosema "kama dakika moja" mara nyingi hufika sita au saba wakanyamaza.
3. Sasa muulize mnyama, kiungo kwa kiungo, kwa maswali yaliyo wazi: "Niambie kuhusu mkia. Masikio. Rangi ya tumbo. Alitembeaje?" Mkumbushe kwamba "sikuona" ni jibu zuri. Shahidi anayesema mara tatu kwamba hakuona kitu fulani, mimi humwamini zaidi kuliko anayejua kila kitu.
4. Mpe penseli achore. Hata mchoro mbaya unaonyesha urefu wa mkia ukilinganishwa na mwili, na pale ambapo hakuona ataacha wazi.
5. Mwishoni kabisa, toa zile picha. Zichanganye: paka unayemfikiria, wanyama wa kawaida wa eneo hilo, na wawili watatu ambao haiwezekani wakawepo hapo. Akichagua mmoja kwa uhakika kati ya hawa wa mwisho, umejifunza kitu kuhusu kipimo chake cha uhakika.
6. Muulize alikuwa amesikia nini kabla ya siku hiyo. Mtu aliyeambiwa asubuhi kwamba kuna simba hapa jirani ataona simba jioni.

Kosa la kawaida: kuwahoji mashahidi wawili wakiwa wamekaa pamoja. Wa pili atakubaliana na wa kwanza, na utaondoka na shahidi mmoja mwenye vinywa viwili. Wahoji kila mmoja peke yake, siku hiyo hiyo, kabla hawajapata nafasi ya kuzungumza.

Hatua ya 3: Rudi mahali penyewe na upime

Kimo ndicho kinachowadanganya watu kuliko chochote. Mnyama akiwa peke yake kwenye uwanja, bila kitu cha kumlinganisha naye, jicho halina pa kushika. Paka wa kufugwa akiwa mita 40 na chui akiwa mita 110 wanaweza kujaza nafasi ileile machoni.

Nenda na shahidi. Msimamishe alipokuwa, kwenye mwanga unaokaribia ule wa siku ile. Mtu wa pili abebe ule mti wenye alama aende mahali mnyama alipopita, shahidi akimwelekeza kwa mkono. Muulize mgongo wa mnyama ulifika alama gani. Kisha pima umbali kwa futi au kwa hatua zako. Usikubali makadirio ya mdomo. Ikiwezekana kata kadibodi mbili zenye umbo la paka, moja ya sentimita 25 begani na nyingine ya sentimita 65, umwonyeshe moja moja bila kumwambia ni ipi.

Vimo vya begani vya kulinganisha, kwa makadirio:

- Paka wa nyumbani: sentimita 25 hivi
- Simbamangu: 40 hadi 50
- Mondo: 55 hadi 60
- Linksi wa Ulaya: 55 hadi 75
- Chui: 55 hadi 75
- Puma: 60 hadi 80

Mwaka 1995 serikali ya Uingereza iliwatuma wachunguzi kwenye nyika ya Bodmin, kusini magharibi mwa nchi hiyo, ambako watu walikuwa wakiripoti paka mkubwa mweusi kwa miaka. Walichofanya ni hiki hiki: walichukua video na picha zilizokuwepo, wakaenda mahali zilipopigwa, wakasimamisha mti wa kupimia palepale. Baadhi ya wale "majitu" wakawa na kimo cha paka wa nyumbani. Na mwaka 2012, huko Essex, polisi walitoka na helikopta kumtafuta simba aliyeonekana na kupigwa picha shambani. Simba hakupatikana, na aliyeelekea kuwa ndiye "simba" ni paka mmoja wa kufugwa, mkubwa, mwenye manyoya mengi ya rangi ya machungwa.

Hatua ya 4: Waite wengine wote kwanza

Chukua ile orodha yako na mpitie mnyama mmoja mmoja, ukiuliza: je, huyu angeweza kuonekana vile? Mbweha au bweha mwenye ukurutu, aliyenyonyoka manyoya, anaonekana kiumbe kipya kabisa. Fungo na kanu huitwa paka kila siku ilhali si paka. Mbwa mwenye rangi ya mchanga akikimbia kwenye majani marefu ni simba jike kwa mtu anayemsubiri simba jike. Mng'ao wa macho kwenye taa za gari hauthibitishi lolote. Hata mbuzi macho yake hung'aa.

Nadharia ni kidogo tu, na ni ya hesabu. Tuseme kwenye barabara moja, kwa mwaka, watu wanakutana na mbwa, paka na mbweha mara 10,000, na wanakutana na chui mara moja. Tuseme pia watu hao ni makini sana, wanakosea mara moja tu katika kila mara 500. Utapata taarifa 20 za chui zisizo za kweli na moja ya kweli, zote zimeletwa na watu makini. Kadiri mnyama anavyozidi kuwa adimu, ndivyo mashahidi wazuri wanavyozidi kukuletea makosa.

Rangi nyeusi inataka neno lake. Chui weusi wapo, na jagwa weusi wapo. Chui mweusi wa Laikipia, Kenya, alithibitishwa kwa picha zilizosambaa dunia nzima mwaka 2019. Lakini hakuna puma mweusi hata mmoja aliyewahi kuthibitishwa, na bado Marekani taarifa za "puma mweusi" haziishi. Ukiipata ya namna hiyo, andika alichosema shahidi, halafu uulize kuhusu mwanga: mnyama yeyote aliyesimama mbele ya jua linalozama ni mweusi.

Hatua ya 5: Picha na video

Omba faili halisi kutoka kwenye kifaa kilichopiga. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa na kupoteza taarifa zake za ndani, yaani saa, tarehe na mahali. Skrinishoti ni mbaya zaidi. Ukipata faili halisi, angalia:

1. Tarehe na saa vinalingana na simulizi? Kumbuka saa ya kamera inaweza kuwa imewekwa vibaya tangu mwanzo, kwa hiyo kutolingana pekee si uongo.
2. Kuna picha nyingine kabla na baada ya hiyo? Mtu aliyekutana na mnyama wa maajabu huwa anapiga nyingi, na huwa zinaanza na za majani matupu.
3. Picha imewahi kutumika mahali pengine? Itafute kwenye intaneti kwa njia ya picha. Jaribu pia ukiwa umeigeuza kushoto kulia, maana wazushi hufanya hivyo.
4. Mahali panajulikana? Nenda, simama pale pale, tafuta jiwe lile au kigogo kile, upige picha yako ukiwa na mti wa kupimia ndani yake. Hii ndiyo kinga bora niijuayo dhidi ya picha za kutengenezwa na kompyuta, ambazo siku hizi jicho peke yake haliwezi kuzikamata. Kigogo cha kubuni hakipo popote.
5. Mnyama anabadilika? Mwaka 2007, katika jimbo la Shaanxi, China, zilitolewa picha zaidi ya 70 za simbamarara wa kusini mwa China. Watu wakaona kwamba katika picha zote mkao wake ni uleule. Baadaye likapatikana bango la ukutani lenye simbamarara huyo huyo, na mwaka 2008 mamlaka zikatangaza kwamba picha ni za kughushi.

Picha za usiku zilizopigwa na kamera ya kutegwa, ile inayopiga yenyewe mnyama akipita, zina faida moja nzuri: kwa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, madoa ya chui mweusi hujitokeza, na madoa ya chui ni kama alama za vidole, kila mmoja ana yake. Ukipata ubavu ulio wazi unaweza kulinganisha na picha za chui wanaojulikana. Kumbuka tu ubavu wa kushoto haufanani na wa kulia.

Hatua ya 6: Alama zilizobaki ardhini

*Nyayo.* Piga picha kutoka juu moja kwa moja, rula ikiwa kando, kisha piga nyayo zote zinazofuatana na si ule mmoja mzuri. Unyayo wa paka una vidole vinne, kwa kawaida hauonyeshi kucha, na pedi kubwa ya nyuma ina mikunjo mitatu kwenye ukingo wake wa nyuma. Wa mbwa huwa na kucha na pande zake mbili zinalingana kama kitu kilichokunjwa katikati. Angalizo: duma huonyesha kucha, na paka yeyote anaweza kuzitoa kwenye tope linaloteleza. Unyayo wa paka wa nyumbani una upana wa sentimita 3 hadi 4. Wa chui kwa kawaida hupita 6.

Tope na theluji hukuza nyayo. Niliwahi kushangilia unyayo wa sentimita 11, nikapiga simu watu watatu, kisha nikaufuata mstari mpaka kwenye ardhi ngumu chini ya mti ambako ulikuwa wa sentimita 7 na wenye kucha. Mbwa. Simu tatu za kuomba radhi ni ndefu kuliko za kushangilia.

*Kinyesi na manyoya.* Vaa glavu na usinuse, kwani kinyesi cha wanyama walao nyama kinaweza kuwa na mayai ya minyoo hatari kwa binadamu. Weka kwenye bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki, kwa kuwa unyevu ukifungiwa huleta ukungu na kuharibu vinasaba. Manyoya yachukue kwa kibanio, mizizi yake ikiwa imebaki, na usiyachanganye na ya mahali pengine. Andika juu ya bahasha tarehe, mahali, jina la aliyekusanya, na kila mkono ambao bahasha itapitia hadi maabara.

*Mizoga.* Mnyama anayekula si lazima awe ndiye aliyeua. Chuna ngozi ya shingo uangalie kama kuna damu iliyovilia chini yake kwenye matundu ya meno. Damu ikivilia, aliumwa akiwa hai. Matundu ya mapajani na masikio yaliyoraruliwa huelekeza zaidi kwa mbwa.

*Sauti.* Zirekodi ukiweza, lakini usizijengee nyumba. Paka wa kawaida wakati wa kupandana hutoa sauti ambayo imewahi kuamsha mitaa mizima.

Hatua ya 7: Ipe daraja

Watafiti wa linksi kwenye milima ya Alps walitengeneza mfumo wa madaraja matatu ambao sasa unatumika kwa wanyama wengine pia. Uazime, usibuni wako:

- C1: ushahidi mgumu. Mnyama aliyekamatwa au kufa, picha iliyokaguliwa na mahali pake pakathibitishwa, au vinasaba.
- C2: alama zilizokaguliwa na mtu aliyefunzwa, kama vile nyayo au mzoga.
- C3: kila kilichobaki. Kuona kwa macho bila picha, sauti, alama ambazo hakuna mjuzi aliyezikagua.

Tazama vizuri C3. Hakuna mahali palipoandikwa "isipokuwa shahidi akiwa mtu mzito". Mwalimu mkuu, askari, daktari wa mifugo, wewe mwenyewe ukiona kwa macho yako: C3. Kwa paka wa kawaida C3 zinaweza kutosha kuchora ramani ya walipo. Kwa paka adimu sana usizitumie kusema "yupo", haijalishi ni ngapi. Zitumie kuamua kamera zitegwe wapi.

Na C3 kumi hazizai C1 moja. Hilo nalirudia karibu kila juma.

Hatua ya 8: Kama ni paka kweli, katoka wapi?

Waliofika hapa huruka hatua hii kwa furaha. Kuthibitisha mnyama si kuthibitisha kwamba wanaishi hapo.

Mwaka 1980 mkulima mmoja karibu na Cannich, Scotland, alimnasa puma halisi kwenye mtego. Puma alikuwa mpole, amezoea watu, alikuwa amefugwa. Januari 2025, karibu na Kingussie katika nchi hiyo hiyo, walikamatwa linksi wanne ndani ya siku chache, walioachiwa kinyume cha sheria. Na fuvu la chui lililookotwa mtoni huko Bodmin mara tu baada ya uchunguzi wa 1995? Makumbusho ya historia asilia ya London ilikuta ndani yake kifuko cha mayai ya mende wa nchi za joto. Lilikuja Uingereza likiwa limeshikamana na ngozi, pengine zulia.

Lakini usikimbilie kusema "ametoroka" kila mara. Juni 2011 puma aligongwa na gari Connecticut, mashariki mwa Marekani, na wengi wakadhani ni wa kufugwa. Vinasaba vilionyesha anatoka milima ya Black Hills, South Dakota, na sampuli zilizookotwa njiani Minnesota na Wisconsin zilikuwa zake. Alikuwa ametembea zaidi ya kilomita 2,400. Hata hivyo, huyo alikuwa dume mmoja mpitaji. Ili kusema wanazaliana unahitaji jike, watoto, au paka tofauti wa jamii hiyo wakionekana miaka mfululizo.

Hatua ya 9: Andika hukumu, ficha mahali

Hukumu iwe ya sentensi mbili: daraja, na sababu ya daraja hilo. "Haijathibitishwa" ni hukumu kamili, usiione aibu. Kisha weka kumbukumbu zote, hata za taarifa ulizozikataa.

Mahali halisi usipatangaze. Taja wilaya au mkoa, si kijito. Majukwaa ya kumbukumbu za viumbe kama iNaturalist huficha kwa makusudi sehemu walipoonekana wanyama walio hatarini, na wana sababu: wawindaji haramu nao wanasoma. Na kabla ya kutuma picha popote, iondolee taarifa za GPS.

Ukikwama

*Shahidi kakasirika kwamba humwamini.* Mwonyeshe maelezo ya C3 na umwambie hata yako mwenyewe ingeingia humo. Kwa kawaida hasira hupungua. Mpe kamera ya kutega kama unayo. Hakuna njia nzuri zaidi ya kumgeuza mlalamikaji kuwa msaidizi.

*Watu 20 wamemwona.* Je, ni mionekano 20 au ni mmoja uliosimuliwa mara 20? Panga kwa tarehe. Ukiona taarifa 18 zimekuja baada ya habari kutoka redioni, una mbili.

*Shahidi ni mtaalamu.* Chui wa mawingu wa Taiwan alitafutwa kwa kamera nyingi mwaka baada ya mwaka bila hata picha moja, na watafiti wakahitimisha mwaka 2013 kwamba ametoweka. Mwaka 2019 zikaja taarifa za walinzi wa misitu wa kijamii, watu wanaoujua msitu huo, kwamba wamemwona. Zilistahili kufuatiliwa kwa kamera. Hazikustahili kubadilisha hadhi yake.

*Maabara imesema ndiyo.* Uliza imesema ndiyo kwa kipimo gani, na kama maabara ya pili imerudia. Unywele uliookotwa magharibi mwa Java mwaka 2019 ulielezwa mwaka 2024 kuwa wa simbamarara wa Java, aliyetangazwa kutoweka. Wanasayansi wengine wakahoji ubora wa data na uwezekano wa sampuli kuchafuliwa. Unywele mmoja ukiisha kwenye kipimo, hakuna wa kurudia. Ndiyo maana nasema gawanya sampuli kabla ya kuituma, nusu ibaki kwako.

*Kuna video lakini wataalamu hawakubaliani.* Iache wazi. Video ya chui wa Unguja iliyotangazwa mwaka 2018 bado inabishaniwa. Tafuta ushahidi wa aina nyingine, si wataalamu zaidi.

*Kamera zimekaa mwezi mzima, hakuna kitu.* Kwanza angalia zimewanasa wanyama gani wengine. Kama hazijanasa hata paka wa nyumbani wala nguchiro, zimewekwa vibaya: zishushe mpaka usawa wa goti, zielekeze kwenye njia na si kwenye majani yanayopeperuka, na lenzi zisitazame jua linakochomoza. Kama zimewanasa wote isipokuwa unayemtafuta, hiyo ni taarifa, iandike pamoja na idadi ya kamera na idadi ya siku.

*Mwenye picha hataki kutoa faili halisi.* C3, bila maelezo marefu. Akibadili mawazo utaipandisha.

*Mwandishi wa habari anataka jibu leo.* Mpe daraja na sababu, kwa maandishi, kwa maneno ambayo hayawezi kukatwa katikati. "Inawezekana" ukilitamka kwa simu litachapishwa kama "mtaalamu athibitisha".

*Umegundua uliwahi kukosea.* Usifute taarifa ya zamani. Ipigie mstari, andika daraja jipya chini yake, tarehe ya leo na kilichokufanya ubadilishe, kisha mpigie shahidi umwambie kabla hajasikia kwa wengine.